Kwa nini ng'ombe wa Paulus Potter hawana mchungaji

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimelelewa katika nyumba ya wafugaji, na sasa ninasoma Uholanzi. Katika duka la vitabu vya kale niliona karatasi ndogo yenye picha ya ng'ombe, na chini yake maandishi 'Paulus Potter inv.' na 'M. de Bye fec.' Niliporudi nyumbani nikatafuta kazi nyingine za Potter kwenye tovuti ya makumbusho, nikakuta picha nane za ng'ombe zilizotolewa pamoja, na humo hakuna mtu. Kwetu ng'ombe asiye na mchungaji ni ng'ombe aliyepotea au aliyeibwa. Je, mchoraji huyu hakuwajua wafugaji, au aliwaondoa kwa makusudi? Na karatasi ile ya dukani, ni ya Potter kweli?"

Ndugu msomaji, nakushukuru. Sisi tuliofundishwa kuzitazama picha hizi darasani tulifundishwa manyoya, pembe na mwanga, na sikumbuki hata siku moja mwalimu akituuliza ni nani anayewalinda ng'ombe hao. Swali lilimngoja mtu aliyekulia zizini. Nitaanza na mchungaji kwa sababu ndiye mwenye mengi, kisha nitaifikia karatasi yako.

Picha nane ulizozikuta zilitoka mwaka 1650, na Waholanzi huziita Bullenboekje, yaani kijitabu cha mafahali, ingawa mafahali si wengi humo kama jina linavyodai. Kila picha ina ukubwa wa takriban sentimita 10 kwa 14, kiasi cha kukaa vizuri kwenye kiganja. Fahali ndiye anayefungua mlango, halafu wanafuata wengine: yupo mwenye pembe iliyopinda, yupo aliyelala, yupo anayekojoa bila haya yoyote, na wapo wawili wanaosukumana kwa vichwa. Potter, mchoraji wa Kiholanzi aliyezaliwa Enkhuizen mwaka 1625, alikuwa na miaka 24 tu alipozikamilisha, na miaka minne baadaye alikuwa amekwisha kufa.

Dhana ya kwamba hakuwajua wachungaji tunaweza kuiondoa mara moja. Mwaka 1643, akiwa bado kijana wa miaka 17 hivi, alitengeneza picha kubwa ya kundi la ng'ombe pamoja na mchungaji wao, na ndiyo inayoitwa Mchungaji wa Ng'ombe hadi leo. Ipo pia ya mchungaji wa kondoo. Tena ile ya mwaka 1643 aliirudia baadaye: alilikata bamba la shaba alilochapia picha hiyo likawa dogo zaidi, akabadilisha tarehe ikasomeka 1649. Kwa hiyo mwaka mmoja tu kabla ya kijitabu cha mafahali alikuwa na mchungaji mezani mwake, katika shaba, na bado katika picha nane zilizofuata akamwacha nje. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe, na wewe uliyeko huko unaweza kuithibitisha kwa kupanda treni kwenda kaskazini ya Amsterdam. Sehemu kubwa ya jimbo la Holland ni ardhi iliyotolewa majini. Ziwa la Beemster, kwa mfano, lilikaushwa kwa vinu vya upepo na kazi ikakamilika mwaka 1612, yakapatikana mashamba na malisho ya takriban hekta 7,000. Ardhi ya namna hiyo haiwezi kukaa kavu bila mitaro, kwa hiyo kila kiwanja cha majani kimezungukwa na maji pande zote, na maji hayo ndiyo ua. Ng'ombe anapelekwa malishoni majira ya kuchipua, anabaki humo usiku na mchana hadi baridi inapokaribia, kisha anarudishwa bandani na kufungwa hapo majira yote ya baridi. Hana pa kupotelea. Simba hakuna, na mtu anayetaka kumwiba lazima kwanza amvushe mtaro. Mchungaji wa kusimama naye kutwa nzima angekuwa mshahara wa bure.

Mtu anayeonekana na ng'ombe katika nchi ya namna hiyo ni mkamaji. Yeye huwafuata ng'ombe walipo, asubuhi na jioni, akiwa na ndoo zake zinazoning'inia kwenye mzega begani, na kwingine hufika kwa mashua kwa sababu njia ni za maji. Ndiyo maana msichana wa kukama ni wa zamani sana katika sanaa ya huko: Lucas van Leyden alimnakshi kwenye shaba tangu mwaka 1510, akiwa na ndoo yake kando ya ng'ombe mkubwa mwenye afya. Wachungaji wa kweli walikuwapo Uholanzi, lakini kwenye nyika kavu zenye mchanga kama za Drenthe na Gooi, na wao walichunga hasa kondoo. Potter alikuwa mtu wa nchi ya mitaro.

Sababu ya pili ni biashara, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana watu hupenda kuzisoma picha hizi kama ushairi tu. Katika karne ya 17 Holland ilikula nafaka nyingi iliyoletwa kwa meli kutoka nchi za Bahari ya Baltiki, na kwa kuwa nafaka ilitoka nje, majani ya nyumbani yakabaki kwa ajili ya siagi na jibini za kuuza. Maksai nao waliletwa kutoka Denmark wakiwa wamekonda, wakanenepeshwa kwenye malisho ya Holland kabla ya kuchinjwa, na Enkhuizen, mji aliozaliwa Potter, ulikuwa mmoja wa miji iliyowapokea kwa meli. Matajiri wa Amsterdam, ambao maishani mwao hawakuwahi kushika chuchu ya ng'ombe, waliweka fedha zao katika kukausha maziwa ya maji kama lile la Beemster na wakapokea kodi za mashamba. Mtu wa namna hiyo alipofungua jalada lake la picha jioni, ng'ombe aliyemwona alikuwa mali, na alijua thamani yake. Mchungaji angemkumbusha nini?

Aliyezichapisha picha hizo, Clement de Jonghe, alikuwa na duka la picha na ramani katika mtaa wa Kalverstraat, Amsterdam. Jina la mtaa huo linatokana na soko la ndama lililokuwapo hapo zamani, kwa hiyo karatasi za ng'ombe ziliuzwa mahali ambapo ng'ombe wenyewe waliwahi kuuzwa. Wateja wake walikuwa wa aina mbili. Wapo waliokusanya kwa kupenda, na wapo mafundi: wachoraji, wanakshi na wanafunzi wao, walionunua karatasi za namna hii ziwe vielelezo vya kunakili, ili wakiagizwa mandhari yenye ng'ombe mmoja aliyelala pembeni wasihitaji kutembea hadi shambani mvua ikinyesha. Kwa matumizi hayo mchungaji ni kizuizi tu. Fundi anataka mnyama mzima, peke yake, aonekane vizuri ubavuni au kwa nyuma.

Sasa niseme kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua kwa nini ng'ombe hawa wana manyoya yanayotamanika kushikwa. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kazi hii, nitaiita echingi. Mchoraji huchukua bamba la shaba lililosuguliwa likalainika, akalipaka utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na ulimbo na lami, akalipitisha juu ya moshi hadi utando uwe mweusi. Kisha anachora kwa sindano. Sindano haichimbi shaba, inaondoa nta tu, na mkono unatembea kwa wepesi ule ule wa kalamu juu ya karatasi. Bamba linatiwa asidi, na asidi inakula pale tu palipofunuliwa. Mistari inayotakiwa ibaki myembamba hufunikwa mapema, na ile ya kivuli huachwa iendelee kuliwa. Mwisho nta husafishwa, wino husukumwa ndani ya mifereji, uso wa shaba hupanguswa, na karatasi yenye unyevu hubanwa juu yake kati ya roleri mbili. Linganisha na kazi ya kunakshi, ambayo fundi husukuma chuma ndani ya shaba kwa nguvu ya kiganja, kama sonara anavyotia nakshi bangili: kila pindo linagharimu jasho, na mstari unatoka safi, mgumu, wenye adabu. Manyoya ya ng'ombe hayana adabu hiyo. Echingi iliwapa wachoraji mkono wa haraka wa kufuata nywele zinapolala, zinapopinda kwenye nyonga, zinapozunguka katikati ya paji la uso, na zinaposhikamana kwa matope kwenye paja.

Mtazame ng'ombe mmoja wa Potter kwa kioo cha kukuzia. Utaona kwamba kando ya mwili haikuzungushiwa mstari mmoja mrefu. Imejengwa kwa vipande vifupi, vingine vimekatika pale mwanga unapopiga. Mifupa ya nyonga imechomoza, kama inavyochomoza kwa ng'ombe yeyote anayekamwa sana. Kiwele kimechorwa kama kiungo chenye uzito. Potter pia ni mwangalifu katika mistari yake, karibu kama mnakshi, na wapo wanaomwona mkavu kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nao kuhusu wanyama, ingawa miti yake nawaachia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwonyesha mjomba wangu, aliyechunga ng'ombe tangu utoto wake, nakala za picha hizi bila kumwambia zilitoka wapi. La kwanza aliuliza nundu iko wapi. Nilipomweleza kwamba ng'ombe wa Ulaya hana nundu alinyamaza kidogo, akaendelea. Kwa yule aliyelala, miguu ya mbele ikiwa imekunjwa chini ya kifua, alisema huyu ameshiba na anacheua, si mgonjwa, maana mgonjwa hulala vingine. Kwa yule mwenye pembe iliyopinda aliniuliza jina lake. Sikuwa na jibu, akashangaa, kwa sababu kwake ng'ombe mwenye pembe ya namna ile hawezi kukosa jina, na aliyemchora lazima alimjua. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu Potter zisizofikia hapo. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 18, anasimulia kwamba hata alipotoka kutembea na mkewe, Potter alibeba kijitabu cha kuchorea, akikutana na kitu cha kumfaa akichore papo hapo. Hata hivyo mtu asidhani kila mnyama wake aliwahi kuishi alivyochorwa. Fahali mkubwa wa rangi aliyemchora mwaka 1647, ambaye yuko katika makumbusho ya Mauritshuis huko The Hague na anakaribia ukubwa halisi wa mnyama, wajuzi wa mifugo walipomchunguza walikuta amekusanywa kutoka kwa madume wa umri tofauti. Ukweli wa Potter umo katika sehemu. Katika kuziunganisha alijipa ruhusa.

Jambo moja la kutahadhari: picha iliyochapwa ni kinyume cha ile iliyochorwa kwenye shaba, kama sura ndani ya kioo. Jina la Potter linasomeka sawa kwa sababu yeye aliliandika kinyumenyume. Lakini wachoraji wengi hawakujali kugeuza mambo mengine, kwa hiyo ukimwona mkamaji amekaa upande usio wa kawaida wa ng'ombe, au mtu anashika fimbo kwa mkono wa kushoto, usijenge nadharia ya mila za ufugaji juu yake. Nimewahi kusikia nadharia kama hiyo ikitolewa ukumbini kwa sauti ya uhakika mkubwa.

Basi wale wachungaji wengi unaowaona kwenye echingi nyingine za Kiholanzi, wenye fimbo, filimbi na mbuzi, walitoka wapi? Kwa sehemu kubwa walitoka Italia. Pieter van Laer wa Haarlem aliishi Roma kwa miaka mingi, na mwaka 1636 alitoa huko picha nane za wanyama ambazo zilifungua njia kwa wote waliokuja baadaye. Nicolaes Berchem, mwana wa mchoraji wa Haarlem Pieter Claesz, alifanya echingi zaidi ya 50, nyingi zikiwa na ng'ombe, kondoo na mbuzi, na Karel Dujardin wa Amsterdam, ambaye alifia Venice mwaka 1678, ana zipatazo 50. Katika nchi yao ya picha jua ni la jioni daima, magofu ya Warumi yako nyuma, na mto ni wa kuvuka kwa miguu. Katika picha ya Berchem ya mwaka 1680 ya ng'ombe anayekunywa maji, huoni mtaro hata mmoja. Mahali pasipo na mitaro mchungaji ana kazi, kwa hiyo anarudi.

Usiwadharau lakini. Mfululizo mmoja wa Berchem una ukurasa wa mbele wenye maneno ya Kilatini yanayosema kwamba wanyama hao wamechorwa kwa kutazamwa wakiwa hai, na ukiwatazama mbuzi wake utaamini. Kinachobuniwa ni mahali na watu. Dujardin namwona bora zaidi katika wanyama wadogo: nguruwe wake wanalala kama vitu vilivyomwagika, na juani mwanga unaonekana kupenya masikio yao, kwa mistari michache sana.

Nyuma ya wachungaji hao kuna mtindo wa mjini pia. Mwaka 1605 P. C. Hooft aliandika mchezo wa Granida, ambamo binti wa mfalme anampenda mchungaji, na kwa miaka mingi baadaye watu wa mijini wenye uwezo walipenda kuchorwa wamevaa kama wachungaji, fimbo mkononi, viatu safi. Rembrandt aliicheka desturi hiyo katika echingi yake ya mwaka 1642: mpiga filimbi amejilaza majanini karibu na msichana anayesuka shada la maua, kondoo wapo, kila kitu kipo mahali pake, ila macho ya mpiga filimbi yanaelekea chini ya sketi ya msichana.

Mwaka uliofuata Rembrandt huyohuyo alitengeneza echingi ambayo kwangu ndiyo iliyo karibu kuliko zote na maisha ya kijijini. Ni ndogo, kama sentimita 14 kwa 18. Nguruwe jike amelala mbele, amejaa upana wa picha, na miguu yake imefungwa kamba. Nyuma yake ni watu, wakubwa na wadogo, na mtoto mmoja ana kibofu kilichopulizwa, mchezo wa watoto wa kila nchi inayochinja nguruwe. Mwezi wa Novemba kwa Kiholanzi cha zamani uliitwa mwezi wa kuchinja, na kila mtazamaji alijua kinachofuata. Kinachoshangaza ni jinsi alivyogawa kazi: nguruwe amechorwa kwa uvumilivu, nywele kwa nywele, mikunjo ya ngozi, jicho lililofumba nusu, watu wameachwa kama rasimu, mistari ya haraka tu. Hapa binadamu hakuondolewa. Amerudishwa nyuma, na anayestahili kutazamwa ni yule anayekwenda kufa.

Potter naye alifika mahali pagumu kama hapo. Mwaka 1652, baada ya kuhamia Amsterdam, alitoa picha tano za farasi. Ya kwanza ina farasi wa Kifriesland, mnene, mwenye shingo ya fahari. Zinafuata nyingine, wakiwamo farasi wa jembe. Na ya mwisho ina farasi aliyechakaa, mbavu nje, amesimama karibu na mzoga wa mwenzake. Ni maisha mazima ya mnyama wa kazi katika karatasi tano, bila mwenye mali kuonekana.

Ningependa kumtaja pia Adriaen van de Velde, kwa sababu yeye ndiye aliyepatanisha pande hizi mbili. Alianza echingi akiwa kijana mno, zipo zenye tarehe 1653 alipokuwa na miaka 16 tu, na ng'ombe wake wa mwanzo wanamtazama Potter kwa karibu. Wachoraji wa mandhari, akiwamo Jacob van Ruisdael, walimpa picha zao awatilie watu na mifugo. Mwaka 1670, miaka miwili kabla ya kufa, alitengeneza ng'ombe mmoja na kondoo wawili chini ya mti, na humo jua limefanywa kwa kuiacha karatasi tupu. Ni la Italia au la Holland? Hata sijali.

Wengine watakuambia kwamba ng'ombe katika picha hizi ni ishara ya nchi. Ni kweli kwamba ishara hiyo ilikuwapo. Mwishoni mwa karne ya 16 zilichorwa kejeli ambamo Uholanzi ni ng'ombe: Mfalme Philip II wa Hispania amempanda mgongoni, Malkia Elizabeth wa Uingereza anamlisha, na mtawala wa Kifaransa aliyemshika mkia anachafuliwa mkono kwa mavi. Lakini ng'ombe wa kejeli hizo ana kazi ya kusema jambo, na watu wamemzunguka pande zote. Ng'ombe wa Potter anayekojoa hasemi chochote kuhusu Hispania, na mimi ningemwacha akojoe kwa amani.

Ulisema pia, pembeni, kwamba ulitarajia ng'ombe weupe wenye mabaka meusi kama Friziani tunaowafuga Afrika Mashariki. Echingi haina rangi, ingawa mabaka huonyeshwa kwa mistari iliyosongamana, lakini ukitazama picha za rangi za wakati huo utaona wekundu, wa kahawia na wa kijivu wakiwa wengi. Weusi kwa weupe walikuja kutawala baadaye, baada ya sotoka, ugonjwa uleule uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, kuipiga Uholanzi mara kadhaa katika karne ya 18 na kuwalazimisha wafugaji kununua mifugo mipya kutoka nje. Kutoka kipindi hicho kuna echingi ya Jan Smit ya mwaka 1745 inayoitwa, kwa tafsiri yangu, Mkono wa Mungu Unaoipiga Uholanzi. Humo wakulima wapo, wamejaa, kwa sababu ng'ombe ni mizoga. Unaona jinsi mtu anavyorudi kwenye picha pale mnyama anapoacha kujitosheleza.

Sasa karatasi yako ya dukani. Maneno "inv." na "fec." ni vifupisho vya Kilatini, la kwanza linamtaja aliyebuni picha, la pili aliyeifanya kwenye bamba. Kwa hiyo maandishi yenyewe yamekwisha kukujibu: wazo ni la Potter, mkono ni wa Marcus de Bye, mchoraji wa The Hague aliyezaliwa mwaka 1639, ambaye alitengeneza echingi nyingi za wanyama akifuata michoro ya Potter baada ya Potter kufariki. Si ulaghai, na muuzaji akikuuzia kama De Bye hajakudanganya. Akikuuzia kama Potter, mwonyeshe herufi hizo. Bei zake ni tofauti sana, kama inavyopaswa.

Kama bado ipo, mwombe muuzaji uitoe kwenye fremu. Inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha: karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa kuchota majimaji ya matambara kwenye chekeche huonyesha mistari ya nyaya za chekeche hiyo, myembamba iliyosongamana upande mmoja na mingine iliyoachana upande wa pili, na mara nyingine alama ya kiwanda. Pitisha kidole taratibu pembeni mwa picha utafute mbonyeo wa ukingo wa bamba. Ikiwa karatasi imekatwa ndani ya mbonyeo huo, bei ishuke. Kisha igeuze. Katika karne ya 19 Mfaransa aitwaye Amand-Durand alitoa nakala za echingi za mabingwa wa kale, Potter akiwamo, kwa njia ya kupiga picha na kula shaba upya, na ni nzuri kiasi cha kuwapotosha hata wazoefu. Lakini kwa kawaida aligonga muhuri wake nyuma. Mwisho, ukiwa bado dukani, tazama nyuma ya miguu ya ng'ombe, pale upeo unapokutana na majani, uone kama kuna mstari mwembamba wa maji. Ukiukuta, niandikie.